Muulize Fundi: Simu ina antena kabisa, mbona TV haishiki?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimechukua Samsung ya mtumba Kariakoo, ina antena ya kuvuta pale juu na ndani kuna app imeandikwa DMB. Muuzaji kaniapia kabisa hiyo ni TV ya bure, haili bando. Nimeskani sebuleni, nimeskani nje, haileti hata chaneli moja. Nikiiflashi itashika? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Haitashika, na usimpe mtu hela ya kuiflashi. Ingia kwenye setingi uangalie modeli, kama inaanza na SHV-E na mwishoni ina S, K au L basi hiyo simu ilitengenezwa kwa ajili ya Korea Kusini, hizo herufi za mwisho ni kampuni za simu za kule. Yaani muuzaji hata hajakudanganya sana, ni TV ya bure kweli, ila kwa mtu aliyeko Seoul. Wakorea walianza kurusha matangazo ya TV kwa ajili ya simu Desemba 2005 kwa mfumo unaitwa T-DMB, umetokana na redio ya dijitali ya Ulaya inayoitwa DAB, unarushwa kwenye masafa ya VHF kati ya megahezi 174 na 216 na kila mkondo una upana wa kama megahezi moja na nusu tu. Sasa huku kwetu mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, na siku hizi TV ya mnarani inakuja kwa DVB-T2, iko kwenye masafa mengine ya juu zaidi, UHF, mkondo mmoja una megahezi 8. Mawimbi yanapita juu ya hiyo antena yako mchana kutwa lakini chipu ya ndani haiwezi kuyasoma, na kuflashi kunabadilisha programu, hakubadilishi chipu.

Na wale wenye zile simu za Kichina za zamani, laini mbili, spika kubwa na antena ndefu, zile zilikuwa analojia. Zilionyesha vizuri tu enzi zake, sasa hivi ni chenga mwanzo mwisho.

Ukitaka TV ya hewani kwenye simu kuna vile vidude vya kuchomeka pale pa chaji. Viangalie vimeandikwa T2, sio T tupu, na simu yako iwe inakubali OTG, yaani kuchomekewa vifaa vingine pale pa chaji. Ila havina pa kuweka kadi, kwahiyo chaneli za kulipia sahau, utapata zile zinazorushwa wazi tu, na kale kaantena kake ukiwa ndani ya nyumba ya tofali kanahangaika sana.

SWALI: Sasa fundi, mi nakumbuka kitambo hapa Nairobi kulikuwa na simu za Nokia zinashika DStv Mobile bila data, mtu anawatch mpira live akiwa ndani ya mat. Hiyo kitu iliendaga wapi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Poa sana. Hiyo ilikuwa DVB-H, mfumo wa kurusha TV ya mnarani moja kwa moja kwenye simu, na mimi mpaka leo naona kiufundi ilikuwa kazi nzuri kuliko watu wanavyoisema. Shida ya TV kwenye simu siku zote ni betri, kipokezi kikikaa wazi muda wote kinamaliza chaji, kwahiyo jamaa wakaamua mnara usirushe chaneli mfululizo, unarusha kwa mafungu, fungu moja limebeba picha za sekunde kadhaa, simu inaamka inalidaka, inazima kipokezi, inakuonyesha yale iliyodaka huku inasubiri zamu ya chaneli yako irudi. Kwa hesabu za wahandisi kipokezi kiliweza kuokoa mpaka asilimia 90 ya umeme wake. Nokia N96 ya 2008 ilikuwa na hiyo kitu ndani.

Kilichoiua ni hela. Simu iko chini, mfukoni, ndani ya jengo, haina antena ya paani, kwahiyo ili ishike vizuri unahitaji minara mingi kuliko ya TV ya kawaida, alafu nani analipia hiyo minara wakati simu zenye hiyo chipu ni za kuhesabu? Italia waliingia 2006 na Kombe la Dunia, Machi 2008 Umoja wa Ulaya ukaipitisha kama mfumo wa kupendekezwa, na 2012 Finland, nyumbani kwao Nokia kabisa, wakazima. Marekani walikuwa na mfumo wao, MediaFLO wa kampuni ya Qualcomm, ukazimwa Machi 2011 na masafa yakauzwa kwa kampuni ya simu ya AT&T kwa dola bilioni 1.93, sasa hapo ujue masafa matupu yalikuwa na thamani kuliko watazamaji. DStv nao walijaribu kukwepa tatizo la simu kwa kuleta Drifta, kikasha kinachodaka DVB-H alafu kinaitupia simu kwa WiFi, kifaa kizuri tu, lakini tayari watu wameshahamia YouTube.

Waliofanya akili ni Wajapani. Mfumo wao unakata mkondo mmoja wa TV vipande 13, kumi na viwili vya TV ya nyumbani, kimoja cha simu, ndo maana wakauita 1seg. Ulianza Aprili 2006, mnara ni uleule, na ni bure. Huku mtu umwambie alipie king'amuzi nyumbani alafu alipie tena kwenye simu? Hapana bwana.

SWALI: Nasikia Norway wamezima FM. Na sisi tutazimiwa? (Dada wa Tanga)

JIBU: Dada yangu tulia. Norway walizima FM ya stesheni za kitaifa mwaka 2017 wakahamia DAB, redio ndogo za mitaani zikabaki FM. Huku kwetu kilichozimwa ni analojia ya TV, redio haikuguswa. Chomeka hedifoni za waya, maana huo waya ndo antena, usikilize bila bando. Ukitumia app, stesheni inayorusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa, na ukinunua simu mpya kagua kama ina FM maana nyingi za bei kubwa wameshaitoa.