Picha ya chati kwenye grupu la wodi
Dada muuguzi, umeuliza kama unaweza kutuma picha ya chati ya mgonjwa, yaani karatasi yake ya matibabu, kwenye grupu la WhatsApp la wodi. Hapana, usitume, hata kama unauliza dozi tu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaweka hali ya afya na rekodi za matibabu katika taarifa maalum, zinazolindwa zaidi. Halafu kuna Baraza la Wauguzi na Wakunga, lenye mamlaka ya nidhamu kwa sheria ya 1996. Kumpigia daktari wa zamu ni jambo jingine, hayo ni matibabu. Na mnaofunika jina kwa kidole, tazameni pale juu ya karatasi: namba ya faili na ya kitanda bado zinasomeka!