Kuuza simu Kariakoo bila kumdanganya mteja: niliyoyapitia tangu 2014

Mkuu, umeuliza kama yupo anayeuza simu bila kudanganya na jioni bado akapeleka kitu nyumbani. Umesema ndiyo kwanza umeajiriwa dukani, bosi kakuelekeza simu zilizotumika zinazotoka Dubai uwaambie wateja ni mpya, na ulipositasita akakujibu kwamba biashara bila uongo haiendi. Mimi niliingia Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, 2014 nikiwa winga, nikaja kuwa muuzaji wa duka, sasa nina meza yangu. Karibu kila uongo unaoambiwa mteja pale nimewahi kuusema kwa mdomo wangu, kwa hiyo nakujibu nikiwa naujua kwa ndani.

Tuanze na uwinga, maana wengi wanadhani tatizo ni bei. Winga hana duka wala mzigo. Anampata mteja mtaa wa Msimbazi, anampeleka mtaa wa Aggrey kwenye duka ambalo simu inauzwa 350,000, yeye anamtajia 400,000, ile 50,000 ni cha juu chake. Mteja naye anaapa ana laki tatu tu, na mfukoni ana tano. Winga anasema "hapo sipati kitu" huku anapata. Huo ni mvutano wa bei na wote wawili wanaujua. Mteja akiona anapigwa, duka la pili na la tatu yako hatua kumi mbele. Sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya cha juu. Kilichokuwa kibaya ni pale nilipomwambia mtu "hili duka letu, ikisumbua niulizie mimi hapahapa", na mwezi unaofuata niko mtaa mwingine kabisa. Pale alinunua ahadi yangu pamoja na simu, na ahadi haikuwepo.

Uongo unaoumiza watu ni wa kile ambacho mteja hawezi kukiona. Wakati naanza, ulikuwa ni simu za kopi. Tuliziita orijino mchana kweupe. Katikati ya Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakazima simu bandia nchi nzima, na kabla ya hapo watu walikuwa wanasimama barabarani wanabonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho ya simu, wanaituma kwenda 15090 kuuliza kama simu yao ni halali. Nakumbuka wateja waliorudi na simu zisizoshika mtandao, na maduka yaliyofungwa wiki ile mpaka hasira zipoe. Ukiangalia vizuri utaona uongo haukuisha, ulihama. Simu iliyotumika ina namba halali, kwa hiyo ukituma 15090 unajibiwa kwamba ni halisi. Haikwambii imetumika miaka mingapi, kioo kimebadilishwa mara ngapi, wala kama boksi limechapishwa juzi. Hapo ndipo bosi wako anapofanyia kazi.

Mwaka 2018 nilikuwa muuzaji kwenye duka la aina hiyo. Akaja mama mmoja, muuguzi, ametoka Tunduru, anamnunulia mwanawe simu ya kwenda nayo chuo. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii ni mpya kweli?" Nikamjibu haijawahi kuwashwa. Nikaapa. Akahesabu 620,000, nyingi zikiwa noti za elfu tano na elfu mbili. Ile simu ilikuwa na kioo cha bei rahisi, nakijua kwa sababu nilikuwepo fundi alipokifunga. Baada ya wiki tatu akapiga: kioo kina mistari, hakisikii kidole. Bosi akaniambia, "Mwambie ameiangusha." Nikamwambia ameiangusha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilikuuliza, baba. Ukaniapia." Hakunitukana. Hakupiga tena. Kwenye mauzo yale nilikuwa nimepewa 30,000.

Sikuacha kazi siku hiyo, na sitaki ufikiri niliacha. Nilikaa miezi saba zaidi kwa sababu nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba Buguruni. Nilipopata meza yangu niliitafuta namba yake nimrudishie chochote. Akapokea kijana asiyemjua. Laini ilishapewa mtu mwingine.

Aliyenifundisha kuuza tofauti ni mzee wa Kipemba aliyekuwa anauza vitambaa jirani na meza yangu. Hakunihubiria. Alinisimulia tu ile habari ya Mtume kupita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mzigo akasema ni mvua. Akaulizwa, mbona ile iliyolowa hukuiweka juu watu waione? Mzee akanionyesha jora lake lenye doa, kalikunjua mpaka penye doa pawe mbele kabisa. Kuanzia hapo nikawa nauza hivyohivyo.

Maana yake kwenye simu ni hii. Kabla sijataja bei, naifungua mbele ya mteja. Kama ni iPhone naingia kwenye mipangilio, namwonyesha namba ya modeli: ikianza na M simu iliuzwa ikiwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple wenyewe, N ilitolewa kumbadilishia mtu aliyerudisha yenye hitilafu. Kuanzia iPhone 11, kama mfumo umesasishwa, simu yenyewe inaonyesha kioo au betri vikiwa vimebadilishwa. Namwonyesha asilimia ya betri na kumwambia kwamba mafundi wanaweza kuifanya isome 100 wakati betri imechoka, kwa hiyo asiitegemee peke yake. Simu nyingine nazipitisha kioo kizima kwa kidole, kona hadi kona, napiga simu, nasikiliza spika. Kisha nasema: imetumika, kioo si cha kwake, ndiyo maana bei ni hii. Na kwenye risiti naandika hivyohivyo, "imetumika, kioo kimebadilishwa". Siapi. Tangu yule mama sijaapia simu tena.

Mwezi wa kwanza niliuza simu 9. Nilipokuwa nadanganya nilikuwa nafika 25. Sikufichi, mwezi ule nilikopa kula. Kilichobadilisha hesabu hakikuwa wateja wa mtaani, ilikuwa oda. Unajua Kariakoo inalisha mikoa yote, na wafanyabiashara wanatoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo. Mtu yuko Lubumbashi, mzigo unapita Tunduma unakatiza Zambia, ukimfikia na simu tano mbovu kati ya ishirini hawezi kuzirudisha. Anachonunua ni neno lako kwenye WhatsApp. Mmoja wao alichukua kwangu simu mbili za majaribio, zote nilimwandikia kasoro zake. Zilipofika akazikagua, akakuta kasoro ni zilezile nilizoandika, si zaidi. Tangu hapo anaagiza bila kuomba picha, na amewaleta wenzake wanne. Hao watano sasa ni zaidi ya nusu ya mauzo yangu.

Je, nasema kila kitu? Hapana. Bei niliyonunulia ni siri yangu. Simwambii mteja kwamba jirani anauza chini kwa elfu kumi. Kipimo changu ni kama ni jambo ambalo akilijua kesho angetamani asingenunua. La namna hiyo namwambia leo, awe ameuliza au hajauliza. Kunyamaza nako nilikutumia sana zamani. Mteja anaposema mwenyewe "kumbe mpya hii" na wewe unafungafunga mfuko, hujatamka uongo, lakini umemuuzia.

Sasa bosi wako. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Lakini usianze kwa kumtishia na sheria, utafukuzwa jioni hiyohiyo. Mwombe rafu moja tu ya kuuza simu zilizotumika kama zilizotumika, kwa bei yake, risiti imeandikwa. Mwambie ahesabu simu zinazorudi na muda unaopotea kugombana na wateja mlangoni. Bosi wangu wa kwanza alikataa, wa pili alikubali kwa hesabu hiyohiyo. Wako akikataa hata neno "imetumika" lisiandikwe kwenye risiti, anza kutafuta pengine kimyakimya huku mshahara unaingia, na katika kipindi hicho, mteja akikuuliza macho kwa macho kama ni mpya, mjibu ukweli, hata kama mauzo hayo yatapotea.

Kama hujui kukagua aina fulani ya simu, iandike hapa, nitakueleza pa kuangalia.