Mitungi mitatu ya kuchuja maji ya nyumba nzima: kabla hujatoa hela, pima maji ya kisima chako

Mkuu, nimesoma majibu yote uliyopewa. Nusu ya wadau wanasema nunua, nusu wanasema chemsha tu unywe. Mimi nimeshanunua, na kuchemsha nilichemsha miaka mingi kabla ya hapo, kwa hiyo acha niandike kirefu kidogo.

Kwa waliochelewa kuingia: jamaa amehamia nyumba mpya upande wa Usa River, Arusha. Anatumia kisima kirefu anachochangia na majirani wawili. Mvua ikinyesha maji yanakuja na tope, siku zote yana ladha ya magadi kwa mbali, na ana mtoto wa miaka mitatu. Fundi kamwandikia bei ya mitungi mitatu ya kusimama nje ya ukuta: wa kwanza mchanga, wa pili mkaa, wa tatu wa kulainisha maji. Anauliza, ikishafungwa hiyo, maji ya bomba lolote mle ndani yatanyweka?

Tope litaisha. Floraidi, yale madini ya kwenye maji yetu yanayotia meno mistari ya kahawia, haitatoka.

Mimi niko Maji ya Chai, hapo jirani na kwako, kwa hiyo tatizo lako nalijua. Miaka sita iliyopita nilifungiwa mitungi kama hiyo hiyo, mirefu, ya bluu, inang'aa hadi majirani wakaja kuangalia. Maji yalitoka meupe kama ya chupa. Wiki ya tatu mke wangu akauliza swali la maana kuliko yote niliyoyauliza mimi dukani: "Sasa haya, meno ya watoto yatakuwa kama yako au kama yangu?" Yeye ni wa Kibosho, kakulia maji ya chemchemi za Kilimanjaro, meno yake meupe. Mimi ni wa hapa, meno yangu yana mistari ya kahawia tangu yalipoota, na wenyeji wa Arusha mnajua tunavyotambulika tukicheka ugenini.

Nikachukua chupa mbili za plastiki, moja maji ya kisima kabla ya mitungi, nyingine baada ya mitungi, nikapeleka maabara ya ubora wa maji. Kabla ya mitungi: miligramu 6.2 za floraidi kwa lita. Baada ya mitungi: 6.1. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Hapa kwetu tulikaa miaka mingi na kiwango cha 4, kwa sababu kanda hii kupata maji ya chini ya hapo ni shughuli, siku hizi nasi tumeshuka kwenye 1.5. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa hela ndefu kupunguza sehemu moja ya kumi ya miligramu, ambayo huenda ni kipimo tu kuyumba.

Aliyeniuzia sikumwona tena, na wala sitamtaja, maana ukweli ni kwamba hakunidanganya. Sikumuuliza floraidi, naye hakuisema.

Sababu yenyewe ni rahisi. Floraidi yetu inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, imeyeyuka ndani ya maji kama sukari ndani ya chai. Pitisha chai kwenye chujio la kitambaa mara kumi, majani yatabaki juu, sukari itapita. Mtungi wa mchanga unakamata tope. Mtungi wa mkaa unaondoa harufu, rangi na klorini. Mtungi wa kulainisha una punje zinazokamata kalsiamu na magnesiamu, ndiyo madini yanayofanya maji yawe magumu, na kuachia sodiamu ya chumvi badala yake, basi, floraidi hauigusi. Na kuna kichekesho hapa: maji yenye floraidi nyingi mara nyingi yana kalsiamu kidogo, kwa sababu hivyo viwili vikikutana vingi vinagandana na kutuama. Maana yake maji ya visima vingi vya huku ni laini tayari. Jaribu nyumbani: kama sabuni inatoa povu haraka na mikono inabaki na utelezi hata baada ya kusuuza, mtungi wa tatu huna kazi nao. Utakuwa unanunua magunia ya chumvi ili kulainisha maji laini, na kuongeza sodiamu kwenye maji ambayo tayari yana ladha ya magadi.

Kuchemsha kunaua vijidudu, hapo wadau wako sawa. Lakini mvuke unapaa, floraidi inabaki kwenye sufuria na maji yaliyopungua. Ukichemsha sana unaikoleza.

Sasa usije ukaruka ukaenda kwa wale wanaopita majumbani na kile kimashine chenye vyuma vinne. Mmoja alikuja kwangu Jumamosi moja, kijana mstaarabu, tai shingoni. Akajaza glasi mbili, moja maji yangu ya bomba, moja maji ya mashine anayouza. Akatumbukiza vyuma, akachomeka kwenye umeme. Dakika moja haijaisha, maji yangu yakawa kahawia, yakatoa povu chafu juu, kama mtu kaosha viatu vya masika. Glasi yake ikabaki kama ilivyo. Watoto wakapiga kelele. Nikamwambia kijana, subiri. Nikachukua chumvi ya mezani, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, nikaweka kwenye glasi yake, nikakoroga. "Haya, tumbukiza tena." Ikawa kahawia kuliko yangu. Uchafu ule ni chuma chenyewe kinachooza kwa umeme. Maji yenye madini yanapitisha umeme, yasiyo na madini hayapitishi, ndiyo siri yote. Hata maji ya dafu yatakuwa tope. Alicheka, akanywa chai, akaenda zake. Na ile kalamu ya kupimia ya namba za kidijitali ni ndugu yake: inakuonyesha jumla ya madini yaliyoyeyuka, haikwambii ni madini gani. Mtu anaweza kuwa na 150 kwenye kalamu na floraidi ikawa juu, mwingine ana 400 na floraidi ni sawa kabisa.

Kwa hiyo la kwanza ni kupima. Ukipeleka kwa ajili ya madini, tumia chupa ya plastiki, si ya kioo, acha bomba limwage dakika tano hivi, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza hadi juu. Ukitaka na vipimo vya vijidudu, chupa waombe wao maabara maana inatakiwa iwe imetakaswa, na maji yafike siku hiyo hiyo yakiwa kwenye ubaridi. Waambie waangalie floraidi, chuma, ugumu wa maji, na bakteria wa kinyesi. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo Ngurdoto, hapo hapo karibu na kwako, watu wamekaa miaka wakishughulika na tatizo hili hili. Pita uulize, utatoka na elimu kuliko ya duka lolote.

La pili ndilo lililonifungua macho. Chukua karatasi upige hesabu ya maji unayotumia. Nyumba ya watu watano yenye choo cha kuvuta, bustani kidogo na kufua, lita 500 kwa siku si ajabu. Kati ya hizo, za kunywa na kupikia ni kama 25. Floraidi haipiti kwenye ngozi, kuoga nayo hakuna shida, choo hakina meno. Sasa kwa nini utake kusafisha lita 500 kwa ajili ya 25?

Hivyo mimi nilivunja mpango mzima, nikaugawa mara mbili.

Maji ya nyumba nzima niliyawekea chujio la tope tu. Mitungi yote mitatu niliuza. Chujio ni la nyuzi, maikroni 20, nimelifunga kabla ya simtanki, ili pampu ya kisima ndiyo iyasukume maji kupita humo. Hapa mafundi wengi wanakosea, hata wangu alikosea: alifunga mitungi mitatu baada ya simtanki iliyokaa kwenye mnara wa mita nne. Maji ya kushuka yenyewe yanakupa presha ya baa moja kwa kila mita 10, kwa hiyo mita nne ni baa 0.4. Toa inayoliwa na mitungi, bafuni inabaki ya kuhesabu matone. Tulioga na kopo miezi miwili na bomba la mvua liko juu ya kichwa. Kama utatumia maji ya mamlaka yenye klorini, usiweke mkaa kabla ya tanki, kwa maana mkaa utatoa klorini halafu maji yatakaa siku tatu tankini bila ulinzi.

Lile chujio, masika nalibadilisha kila baada ya wiki tatu au nne, kiangazi linakaa miezi mitatu. Nimefunga kipima presha kabla na baada. Tofauti ikikua najua limejaa. Ukilifungua Aprili utaona rangi ya udongo wa shamba lako lote.

Maji ya kunywa na kupika ni mashine ya RO (reverse osmosis, yaani inayosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando), ndogo, chini ya sinki la jikoni, na kibomba chake peke yake. Hiyo utando wake una vitundu vidogo kiasi kwamba hata floraidi haipiti, ikifanya kazi vizuri inaondoa sehemu tisa kati ya kumi. Yangu ilitoa 0.5 nilipopima. Ina masharti yake: inataka presha ya kama baa tatu, kwa hiyo lazima uchukue yenye kipampu chake, na inataka chujio la tope na la mkaa mbele yake, maana klorini inaua utando. Na inamwaga maji, lita tatu au nne kwa kila lita moja inayokupa. Mrija wa maji hayo nimeupeleka kwenye pipa nje, tunadekia na kuvutia choo, mboga simwagilii nayo. Vichujio vidogo nabadilisha kila miezi sita, utando kila miaka miwili. Umeme ukikatika kuna kitanki chake cha lita kumi na kitu, kinatuvusha hadi jioni.

Kama bajeti hairuhusu, zipo ndoo za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hizo zinatoa floraidi kweli, ndizo walizokuwa wakizifanyia kazi Ngurdoto. Ila mfupa uwe umechomwa na anayejua. Jirani yangu alichoma mwenyewe kwenye pipa; maji yakanuka supu iliyolala. Ukichoma kidogo unanuka, ukichoma ukawa mweupe pe nguvu imekwisha. Na ukishashiba floraidi haukupi ishara yoyote, maji yanatoka meupe vile vile, kwa hiyo lazima upime tena.

Halafu kuna bati lako. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuzungumzia. Bati la mita za mraba 100 linakupa lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua, toa kidogo inayopotea. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni kama siku 150. Zidisha kwa lita 25, unapata 3,750. Simtanki moja ya lita 5,000 iliyojaa masika, ikafungwa kwa kufuli isiguswe na wafuaji, inakuvusha. Safisha gata, mvua ya kwanza iache imwagike na kinyesi cha ndege na majani ya mgrivea, na yatakayoingia tankini baada ya hapo ndiyo ya kuchemsha kabla ya kunywa. Kwa mwenye mtoto mdogo na hela ya mawazo, ningeanza na hili kabla hata ya RO. Meno ya mbele ya kudumu yanajengeka ndani ya fizi tangu mtoto ananyonya, na mengine yanaendelea hadi kama miaka minane, mistari inaandikwa wakati huo. Wako ana mitatu, bado una muda.

Na mwambie mama watoto apunguze magadi kwenye makande. Magadi ya huku nayo yamejaa floraidi. Sisi tulifunga RO ya bei, halafu kila Jumapili tunatupia kipande cha magadi kama kidole gumba kwenye sufuria ili maharage yaive upesi. Nilikuja kushtuka mwaka wa pili. Sasa tunaloweka maharage usiku.

Mwanangu mdogo kaota meno ya mbele mwaka jana, meupe. Mama mkwe hata hivyo hajashawishika. Akija kutoka Kibosho bado anashuka kwenye Noah na dumu lake la lita kumi.