Kung'oa mimea vamizi kandokando ya kijito: nani aanze?

Ndugu, umeuliza kama inafaa kung'oa mimea vamizi kwenye kipande chako cha ukingo ilhali jirani wa upande wa juu hajafanya lolote. Inafaa, lakini mwendee yeye kwanza, kwa kuwa mbegu na vipande vya mashina huteremka na maji, na kazi iliyoanzia chini hurudiwa kila baada ya mafuriko. Mkubaliane kwa maandishi kuhusu mipaka, kisha ng'oeni kabla mimea haijatoa mbegu. Mmea kama Arundo donax, aina ya tete kubwa linalofanana na mwanzi, huchipua upya kutokana na kipande kidogo cha shina lake la chini ya udongo, kwa hiyo msiache mabaki ukingoni. Dawa za magugu, ambazo wengi huzikimbilia mno, zinaweza kudhuru viumbe wa majini. Palipobaki wazi pandeni mimea ya asili mapema, udongo usimomonyoke.