Tangi la Matumbawe Lisilo na Mchanga: Usafi Uwe wa Kiasi Gani?

Barua zinazojaa kwenye meza ya safu hii huwa za kuku, sungura na mbwa. Mwezi huu zimefika tatu za viumbe wa baharini wanaofugwa katika nchi isiyo na bahari, na zote zinatoka kwa watu walioamua kuacha sakafu ya tangi ikiwa kioo kitupu. Tumezijibu pamoja kwa sababu swali lililo ndani yake ni moja, ingawa kila mwandishi amelifikia kwa njia yake.

Msomaji wa Bugolobi, Kampala, anauliza:

Ndugu Mhariri, salaam. Nina tangi la lita 300 lenye matumbawe laini na magumu. Mwaka jana niliondoa mchanga wote kwa kuwa ulikuwa ukificha uchafu. Tangu hapo nimejitahidi sana: kila jioni nafyonza sakafu, soksi ya kuchujia naibadilisha kila siku, na kila mwisho wa mwezi natoa mawe yote na kuyasugua kwa brashi kwenye sinki. Vipimo vya nitrati na fosfati vinasoma sifuri. Hata hivyo matumbawe yamepauka, na juu ya mawe umetanda ute wa kahawia wenye viputo vya hewa. Nikiufyonza asubuhi, jioni umerudi. Nimekosea wapi?

Jibu:

Ndugu msomaji, bidii yako ndiyo iliyokuponza. Ile sifuri unayoisoma kwenye vipimo ni njaa. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mwani huo unahitaji nitrojeni na fosforasi kidogo, na ukivikosa hupungua, tumbawe likapauka hata kama taa na joto ni sawasawa. Ni kweli kwamba maji ya miamba ya baharini nayo yana virutubisho vichache sana, lakini huko mkondo hauachi kupitisha vijidudu vya kuliwa, usiku na mchana, jambo ambalo sebuleni kwako halipo. Lenga nitrati ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1.

Ute wenye viputo, unaopungua usiku na kurudi mchana, kwa kawaida ni dinoflagelati, yaani viumbe wadogo sana wa seli moja, na hao hupenda sana tangi lililosafishwa hadi likabaki tupu, kwa sababu washindani wao wote wamekwisha kufa njaa. Unaweza kuhakikisha bila hadubini. Fyonza ute kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, utie kwenye chupa pamoja na maji ya tangi, utikise kwa nguvu hadi usambaratike, kisha uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa na kuyaacha maji yaliyochujwa chini ya taa kwa muda wa saa moja. Ukiona nyuzi za kahawia zimejisokota tena na kuwa bonge, ni wao. Usibadilishe maji kwa wiki mbili au tatu, ondoa kemikali yoyote ya kunyonya fosfati, lisha samaki zaidi kidogo, na ufuate vipimo kila baada ya siku mbili. Wakati huo tazama konokono wako, kwa kuwa baadhi ya aina za dinoflagelati zina sumu na konokono wanaozila hulegea na kuanguka.

Sasa yale mawe. Katika tangi lenye mchanga, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati wamegawanyika: wengine mchangani, wengine maweni. Wewe umeondoa mchanga, kwa hiyo karibu wote wamebaki kwenye mawe, nawe kila mwezi unawapeleka sinki kupigwa brashi chini ya maji ya bomba yenye klorini. Acha kabisa. Jiwe hai, yaani lenye bakteria hao, halitolewi ili lisuguliwe. Hupulizwa likiwa mahali pake.

Maana ya sakafu tupu ni kuutoa uchafu kabla haujaoza, na kazi hiyo kubwa hufanywa na mkondo. Bila mchanga wa kurushwa unaweza kuweka pampu za nguvu, zenye kuzungusha maji ya tangi mara 20 hadi 40 kwa saa, au hata zaidi kwa matumbawe magumu, ili mabaki ya chakula na kinyesi yaelee hadi yafike kwenye soksi na kwenye mtambo wa povu, ule unaonasa uchafu kwa viputo vya hewa. Inua mawe kidogo juu ya vijiguu vya plastiki ili maji yapite chini yake. Pampu zikipangwa vizuri, mashapo hukusanyika kwenye kona moja au mbili tu. Kama hujui kona zako ni zipi, ngoja siku umeme ukatike: washa tochi, na ndani ya robo saa utaona vumbi likitua na kukuonyesha pale mkondo unapokufa. Ni faida pekee ya kukatika kwa umeme ninayoijua.

Ute ukishaisha, utaratibu wa wiki, kwa tangi la kadiri yako, unatosha kuwa siku moja, tuseme Jumamosi. Anza na vioo, kwa sababu mwani utakaoufuta utaanguka na utaufyonza baadaye. Hapa sakafu tupu inakupa raha: kwenye matangi ya mchanga punje moja ikiingia chini ya kifutio cha sumaku huchora kioo mstari usiofutika. Ukitumia wembe kwa mwani wa chokaa, usiufikishe kwenye pembe, kwa maana silikoni ikichanika tangi litavuja. Halafu chukua bomba la sindano la mililita 60, lile linalouzwa kwenye maduka ya dawa, ulijaze maji ya tangi na kupuliza katikati ya mawe. Mara ya kwanza utashangaa wingu litakalotoka. Zima pampu kwa dakika 15 hadi 20, uchafu utue, kisha ufyonze sakafu kwa mpira, ukianzia kwenye zile kona, hadi umetoa asilimia kumi ya maji. Kabla ya hapo chomoa hita. Hita inayowaka ikibaki nje ya maji hupasuka.

Soksi ibadilishwe kila baada ya siku tatu au nne. Kikombe cha mtambo wa povu kioshwe mara mbili kwa wiki, hasa shingo yake, kwa kuwa mafuta yakiganda pale povu halipandi. Tangi la chini, ambako mara nyingi pampu na mtambo wa povu hukaa, nalo hutuamisha mashapo na wengi hulisahau. Lifyonze mara moja kwa mwezi, lakini wiki nyingine, si siku ile ile uliyopuliza mawe.

Sakafu yenyewe usiing'arishe. Baada ya mwaka au zaidi mwani wa chokaa wa rangi ya waridi na zambarau utaanza kuitambaa, na matumbawe yanayotambaa yatashuka kutoka kwenye mawe na kukaa juu ya kioo. Mimi naiona sakafu hiyo kuwa nzuri kuliko mchanga wowote.

Msomaji wa Jinja anauliza:

Ndugu Mhariri, mimi ni mama ninayesimamia nyumba ya wageni, na ukumbini tuna tangi la matumbawe la lita 450 lisilo na mchanga. Fundi aliyelijenga amehama. Pampu zimepungua nguvu, umeme unakatika mara kwa mara, na chumvi tuliyoachiwa inakaribia kwisha. Kijana wetu wa usafi amependekeza tununue ya Katwe kwa kuwa ni ya asili. Je, tunaweza? Na maji ya bomba yanafaa?

Jibu:

Mama, mpongeze kijana kwa kufikiri, lakini chumvi ya Katwe ibaki kwa ng'ombe. Ziwa Katwe, kule magharibi mwa Uganda, liko katika shimo la volkeno, na chumvi yake ina kabonati na salfati nyingi, huku kalsiamu na magnesiamu, ambazo matumbawe hujengea mifupa, zikiwa kidogo mno. Chumvi ya mezani haifai pia. Inayotakiwa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe. Lita moja huhitaji takriban gramu 35 hadi 38, kwa hiyo jerikeni moja ya lita 20 itakula robo tatu ya kilo hivi. Tia chumvi ndani ya maji, kamwe usitie maji juu ya chumvi, uache pampu ndogo ikoroge kwa saa kadhaa, kisha upime: uzani mahususi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu, uwe 1.025 au 1.026, na joto lilingane na la tangi, nyuzi 25 hivi.

Maji ya bomba ya shirika la taifa hutiwa klorini ili watu wasiugue, nayo klorini huua wanyama hawa na bakteria wao. Yapitishe kwenye mtambo wa kuchuja kwa utando, wenye kichujio cha mkaa na hatua ya mwisho ya resini. Maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati huonekana safi, ila hubeba zinki na vumbi, na zinki, hata kidogo, huwadhuru konokono na kamba. Nayo yapite kwenye mtambo uo huo. Halafu kuna kosa ambalo wageni wengi wa kazi hii hulifanya: maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki ndani, kwa hiyo kila siku jazia maji matamu yaliyochujwa, wala si ya chumvi.

Pampu zako nadhani hazijaharibika; zimekunywa chokaa. Chomoa moja, ifungue hadi utoe ile sumaku inayozunguka, uloweke vipande vyote kwenye ndoo yenye siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa, kwa saa moja au mbili. Utaona viputo vikipanda, ndiyo chokaa inayeyuka. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji matamu, rudisha, kisha wiki inayofuata ushughulikie nyingine, ili tangi lisikae bila mkondo. Kila miezi mitatu inatosha. Sabuni isiguse chochote, hata ndoo. Ndoo za tangi ziwe za tangi peke yake. Soksi pia zifuliwe kwa dawa ya klorini bila sabuni, zisuuzwe mara nyingi na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa.

Umeme ukikatika, kitakachokuulia samaki kwanza ni ukosefu wa oksijeni, si baridi. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,100 na zaidi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapozima, au unganisha pampu moja tu ya mkondo kwenye inverta. Usilishe samaki gizani.

Nyumba ya wageni hupigwa dawa ya mbu, na hilo lilinitia wasiwasi niliposoma barua yako. Dawa nyingi za kupuliza zina sumu inayowaua kamba na kaa haraka sana, na samaki pia. Siku ya dawa, funika tangi kwa shuka lenye unyevu, zima pampu ya hewa inayovuta hewa ya ukumbini pamoja na mtambo wa povu, acha pampu za ndani zikizunguka, na ufungue madirisha kwa saa kadhaa kabla ya kufunua. Maji machafu ya chumvi mmwage kwenye mfereji wa maji taka, mbali na migomba na mbali na mto.

Msomaji wa Entebbe anauliza:

Kwenye jiwe moja la tangi langu kuna matumbawe madogo ya kahawia, kama vifungo vya shati vilivyosongamana, yanaenea na kuyafunika mengine. Rafiki amenishauri nilitoe jiwe, nilimwagie maji yanayochemka na kulisugua. Ni sawa?

Jibu:

Hapana, na tafadhali umwambie rafiki yako pia. Maelezo yako yanafanana na jamii ya palithoa, na baadhi yao hubeba palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana miongoni mwa viumbe vya baharini. Ukiyamwagia maji ya moto, mvuke na matone madogo huibeba sumu hadi mapafuni, na familia nzima imewahi kulazwa hospitali, katika nchi mbalimbali, kwa kusafisha jiwe la namna hiyo jikoni. Kulisugua kukiwa na mkwaruzo mkononi nako ni hatari.

Vaa glavu ndefu na miwani ya kukinga macho, watoto watoke chumbani. Litoe jiwe likiwa bado ndani ya maji, kwa kuingiza ndoo ndani ya tangi na kulisogezea humo, ulifunike, kisha amua kama utaliweka peke yake katika tangi jingine au utaachana nalo. Usilikate, usilikaushe, usilipulize kwa maji yenye kasi. Mtu akipata ladha ya chuma mdomoni, macho kuwasha, pumzi kubana au misuli kulegea baada ya kazi hiyo, aende hospitali mara moja na amtajie daktari neno palitoksini, pamoja na saa aliyoligusa jiwe.