Barua za Dadu: Pembe mbili, nafasi moja

*Shikamoo Shangazi. Kwenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza kwa dadu, nacheza minotauri (mtu mwenye kichwa cha fahali) mpiganaji, levo ya 1, Nguvu 17. Juzi nilimtimkia zimwi kutoka mbali, nikamchoma pembe, nikamshushia shoka, halafu nikataka kumsukuma. Msimulizi wetu, anayeendesha mchezo, akakataa, eti nataka kula sahani tatu peke yangu. Tumenuniana wiki nzima. Nani ana haki?*
*– Fahali wa Tabata*

Marahaba, Fahali. Msimulizi ana haki. Mnunulie soda yaishe.

Kila zamu una kitendo kimoja, na kitendo cha ziada kimoja tu. Minotauri wa toleo la tano la mchezo ana ufundi wa pembe wa namna mbili, na zote mbili zinagombea hicho cha ziada. Ya kwanza ni ya mbio: ukitumia kitendo chako kukimbia, na ukasogea angalau futi 20, kitendo cha ziada kinakuwa pigo la pembe. Kwa hiyo umeshakimbia. Shoka linabaki begani. Ya pili ni ya kusukuma: ukitumia kitendo chako kushambulia na ukampata mtu, kitendo cha ziada ni kumsukuma kwa pembe hadi futi 10, ilimradi yuko ndani ya futi 5 na hakuzidi ukubwa kwa zaidi ya daraja moja. Zimwi anasukumika. Jitu la kweli, lile la kugusa paa, usihangaike nalo.

Najua utauliza: nikifika levo ya 2 na kupata ule uwezo wa mpiganaji wa kuongeza kitendo? Hapo utakimbia na kushambulia zamu hiyohiyo, sawa, lakini cha ziada bado ni kimoja. Pembe zichome au zisukume. Chagua.

Sasa nikwambie ninavyochagua mimi. Pembe zako zinaumiza dadu ya pande 6 jumlisha 3 za Nguvu yako. Shoka kubwa ni dadu ya pande 12 jumlisha 3. Kwa hiyo mbio ni za kuanzia vita tu: mwendo wako ni futi 30, ukikimbia unafika hadi 60, na adui aliyedhani yuko salama nyuma kabisa anakukuta umeshafika kifuani. Ukishafika, sahau mbio. Piga shoka, kisha angalia kuna nini nyuma ya mgongo wake.

Barazani kwangu Jumamosi moja mpwa wangu alikuwa na minotauri kama wako hasa. Nilikuwa nimepanga vizibo vya soda juu ya rula, ndiyo daraja la kamba, na kizibo chekundu katikati ndiye zimwi mwenye uhai wa alama 59. Nilitegemea kumshinda kutawachukua saa nzima. Mpwa akapiga shoka, likaingia, akasema, “Namsukuma.” Ili asisukumwe, dadu ya zimwi na nyongeza yake zilipaswa kufika 13: yaani 8, jumlisha 2 za umahiri, jumlisha 3 za Nguvu. Zimwi ana nyongeza ya 4, nikarusha dadu ya pande 20, ikaja 6. Kumi. Kizibo chekundu kikaanguka sakafuni, wenzake wakapiga makofi, na mimi nikaenda kuchemsha chai kwa sababu sikuwa nimeandaa kitu kingine.

Jambo moja la kuigiza, si la kanuni. Nimekaa Pemba miaka minne utotoni, na nimeuona mchezo wa ng'ombe kwa macho yangu. Fahali hakurukii ghafla. Anainamisha kichwa, anaparua chini, anapuliza pua. Mchezaji mwenye kitambaa anaisoma ile shingo. Ukitaka minotauri wako aaminike, tangaza shingo kabla ya kurusha dadu. Meza nzima itanyamaza.

*Dada, binti yangu wa miaka 13 amejiunga na meza ya wenzake. Anataka awe minotauri nahodha wa jahazi. Wanamcheka: minotauri ni wa kwenye mzingile, baharini kapelekwa na nani?*
*– Mama wa Nahodha, Mombasa*

Mama Nahodha, wanaocheka hawajasoma. Katika dunia ya kubuni ya Krynn, ile ya hadithi na michezo ya Dragonlance, minotauri ni mabaharia wa kuogopwa. Kwao ni visiwa, Mithas na Kothas, na heshima kwao ni kitu cha kufia. Tena ni huko huko ambako kitabu cha mwaka 1987 kiliwaruhusu wachezaji kuwa minotauri badala ya kumuua kila wanapomkuta.

Na hata yule wa Wagiriki, aliyefungiwa katika mzingile wa mfalme Minos, alikuwa mtoto wa kisiwa: Krete. Vijana 14 wa Athens waliotolewa kwake waliletwa kwa merikebu. Alikuwa na jina pia, Asterio, lakini watu wanakumbuka pembe tu. (Hili huniuma kuliko inavyostahili.)

Mweleze binti atazame minotauri wa kitabu cha mchezo cha mwaka 2022. Ana sifa ya kujua daima kaskazini iko wapi, na akitafuta njia au kufuata nyayo anarusha dadu mbili, anachukua iliyo kubwa. Yule wa 2018 hakuwa nayo. Yeye alipewa ustadi wa kutisha au wa kushawishi. Basi hao wenzake wawaze: usiku, mawingu, dira imezama, na mwenye pembe anasema “kule”. Watamcheka nani?

*Shangazi, minotauri anapita mlango wa kawaida? Na anakula nyama ya ng'ombe?*
*– Mwenye Haraka, Morogoro*

Wa mchezaji anapita, ana ukubwa wa daraja la mtu; yule wa kupigana naye, wa kitabu cha viumbe vya kutisha, ndiye mkubwa wa kubanana. Pembe ageuze kichwa, kama mtu aliyebeba ngazi.

Nyama ya ng'ombe barazani kwangu imebishaniwa robo saa nzima, hadi mpwa wangu akaagiza samaki.