Kulimpu au kupandisha kabla ya flopu: jibu kwa mkuu aliyeuliza kuhusu meza za senti 5 na 10

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unacheza poka kwenye meza za watu sita, blaindi (dau la lazima la watu wawili kila mgawo, ndogo na kubwa) senti 5 na senti 10 za dola, na kila ukipandisha dau kabla ya flopu (zile karata tatu za kwanza kati ya tano zinazofunuliwa mezani kwa wote) wanakufuata watatu, wanne, kana kwamba hujapandisha kitu. Kwa hiyo unauliza: si bora na wewe ulimpu, ulipe senti 10 zako, uione flopu kwa bei chee, halafu flopu ikikukubali ndipo uanze kuwachaji? Ukatoa na mfano wa A5 ya kopa (A na 5, zote kopa) uliyolimpu kiti cha kwanza, yaani wa kwanza kuamua. Mwenye kiti cha diila, yule anayesema mwisho baada ya flopu, akapandisha hadi senti 50, ukafuata, A ikatua kwenye flopu, ukaishia kumlipa mwenye AQ mpaka karata ya tano.

Nakujibu kirefu kwa sababu kosa hilo lilinila hela karibu mwaka mzima.

Kwa wanaopita tu kwenye uzi: kulimpu ni kuingia kwenye mkono (mgawo mmoja wa karata) kwa kulipa blaindi kubwa basi, bila kupandisha, wakati hakuna aliyepandisha kabla yako.

Nilianza poka nikiwa zamu ya usiku, mapokezi ya hoteli moja Arusha. Ikifika saa tano wageni wameshalala, Ulaya ndiyo kwanza wanatoka mezani, na vyumba vya poka vimejaa watu wanaocheza jicho moja likiwa kwenye televisheni. Mimi nilikuwa mmoja wao, ila jicho langu lilikuwa kwenye kamera za geti. Mtindo wangu ulikuwa huohuo unaoutamani. J8 za alama moja, nalimpu. K4, nalimpu. Hata AA, ree mbili kwa tuliokulia karata za kibarazani, nalimpu, eti nimetega.

Mkono ulioniamsha naukumbuka mpaka alama za karata. Nina ree ya shupaza na ree ya kopa, kiti cha kwanza, mbele yangu dola 10 kamili, yaani blaindi kubwa 100. Nikalimpu, nikimsubiri mwenye papara apandishe nimrudie kwa kupandisha zaidi. Hakuna aliyepandisha. Wa pili katupa, wa tatu kalimpu, diila kalimpu, blaindi ndogo kaongeza senti 5 zake, blaindi kubwa kagonga meza, yaani kabaki bila kuongeza kitu. Watu watano, poti (hela iliyo katikati) senti 50. Flopu ikaja 9 ya uru, 7 ya kopa, 4 ya shupaza. Blaindi wote wawili wakapita bila kuweka dau, nikaweka senti 35. Wa tatu katupa, diila kafuata, blaindi ndogo katupa, blaindi kubwa akapandisha hadi dola 1.40.

Hapo nikakaa naitazama ile saa ya mezani inavyohesabu kurudi nyuma. Ana nini huyu? Mtu aliyegonga meza bure kwenye blaindi kubwa anaweza kuwa na chochote: 97, 44, 86, 65, au mkwara mtupu. Sikuwa na karata hata moja ya kuifuta kwenye orodha yake, maana sikuwa nimemuuliza swali lolote. Nikafuata, diila akatupa. Karata ya nne 2, ya tano K, mzigo wote, yaani hela yote iliyokuwa mbele yetu, ukaingia katikati. Akafunua 7 na 4, jozi mbili dhidi ya jozi yangu moja.

Nikaandika tusi kwenye kisanduku cha gumzo, nikalifuta kabla ya kulituma. Kwani alikuwa na kosa gani? Kama ningepandisha hadi senti 30, ile 7-4 ingetupwa kwenye takataka kabla sijamaliza kupiga mwayo. Nilimkaribisha mwenyewe, nikampa kiti na maji ya kunywa.

Sasa angalia, kuna hesabu watu wanapenda kuitoa hapa, kwamba AA dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote inashinda kama mara 85 kwa 100, na dhidi ya wanne inashuka hadi kama 56. Ni kweli, ila usiishie hapo, kwa sababu mjanja atakujibu kwamba asilimia 56 ya poti iliyochangiwa na watano ni hela nyingi kuliko asilimia 85 ya poti ya wawili. Na yeye atakuwa sahihi, mradi mzigo wote uwe umeingia kabla ya flopu. Ukilimpu hauingii. Poti ni senti 50, dola zako 10 karibu zote bado ziko nyuma, na ugomvi wa kuzigombania unaanza ukiwa gizani, dhidi ya watu wanne ambao hakuna hata mmoja aliyelazimika kukuambia karata zake ni nzuri au mbaya.

Hesabu iliyonibadilisha mimi ni nyingine kabisa. Kila mkono, kabla hata hujaziangalia karata zako, kuna senti 15 za blaindi zimelala mezani. Ukiwa kiti cha diila na wote wametupa, ukapandisha hadi senti 25, unahatarisha 25 kupata 15. Wakitupa mara 5 kati ya 8, hela yako imerudi, hata tukisema zile mara 3 nyingine unapoteza zote 25. Na hupotezi zote, maana wakikufuata unaona flopu kama wao na wewe ndiye msemaji wa mwisho. Ukilimpu je? Nafasi ya kuzichukua zile senti 15 papo hapo ni sifuri. Blaindi kubwa ameshalipa, atupe kwa sababu gani?

Ongeza makato. Vyumba vingi havikati kitu mkono ukiishia kabla ya flopu. Nilikokuwa nacheza walikata asilimia 5 flopu ikishafunguliwa. Poti ya dola 1 ikikatwa senti 5, hiyo ni nusu ya blaindi kubwa, na kwenye meza zetu hizi mtu anayepata faida ya blaindi 5 kwa kila mikono 100 anaitwa fundi. Hebu fikiria vipoti vidogovidogo vya kulimpu unavyogombania usiku mzima, kila kimoja kimeng'atwa kabla hakijakufikia.

Kama unahisi haya ni maneno ya wazee wa meza tu, kuna ushahidi ninaoupenda. Mwaka 2019 Noam Brown na Tuomas Sandholm, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakishirikiana na Facebook, walitoa programu inayoitwa Pluribus iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, blaindi 100 kila mmoja, muundo uleule tunaocheza mimi na wewe. Haikufundishwa kwa mikono ya binadamu. Ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Na wenyewe waliandika kwamba mwanzoni ililimpu, lakini kadiri ilivyoendelea kujicheza ikaacha, kila kiti isipokuwa blaindi ndogo. Tena haikuwa kasuku wa kurudia tunayoamini: kuna jambo wachezaji wanalikemea, la kumwekea dau kwenye flopu mtu aliyepandisha kabla yake badala ya kumpitia, na Pluribus ililifanya mara nyingi kuliko wataalamu. Kwa hiyo ilipoikataa limpu, ilikuwa imeijaribu kwanza.

Utasema Pluribus haikuwahi kukaa na jamaa zako wanaofuata na J3. Haya, tuje kwenye meza yako.

Ukipandisha hadi senti 30 wakakufuata wanne, meza inakuambia kwamba kwa hapo senti 30 ni bei ya limpu. Basi pandisha bei. Kanuni niliyoanza nayo ni mara tatu ya blaindi kubwa, halafu blaindi moja zaidi kwa kila aliyelimpu mbele yangu. Kwenye meza za namna yako naenda hadi senti 60, wakati mwingine 70, na napunguza karata ninazoingia nazo. Zile J8 na K4 nimeachana nazo kabisa. Ukicheza kwa simu, ingia kwenye mipangilio ubadilishe vile vitufe vya dau, maana kama kitufe cha kwanza kimeandikwa mara 2, kidole chako kitakibonyeza hichohicho kila siku. Wiki za mwanzo kubonyeza senti 60 kabla ya flopu kulinitia joto, nakiri. (Hela yenyewe iwe ile ambayo ikipotea mwenye nyumba wako hatajua.)

Mfano mmoja. Niko diila na AJ, wawili wamelimpu. Nikapandisha hadi senti 60. Blaindi wakatupa, mmoja wa waliolimpu akafuata, mwingine akatupa. Poti dola 1.45, tumebaki wawili, nami nasema mwisho. Flopu J, 8, 3. Akapita, nikaweka senti 90, akafuata. Karata ya nne 5, nikaweka dola 2, akafuata. Ya tano 2, nikaweka dola 4. Akafikiri mpaka saa yake inakaribia kuisha, akafuata na J9. Sasa jiulize J9 ile ingenilipa ngapi kama ningelimpu nikaenda kwenye flopu na watu watano kwenye poti ya senti 50. Na tazama nilivyokuwa na amani: mtu aliyelimpu kisha akafuata, mara chache sana ana AA au KK, na aliyezitupa karata zake hawezi kunifunulia 8-5 ya miujiza. Huku ndiko kumtenga mtu. Unamchomoa mmoja kwenye kundi, unakaa naye chemba.

Usifanye nilichofanya mimi baada ya kugundua hili, lakini. Nilitoka kwenye ulimpaji nikawa mpandishaji wa kila kitu, kila kiti, na baada ya flopu naendelea kuchapa mkwara kwa watu ambao hawajawahi kutupa jozi tangu wazaliwe. Programu yangu ya kufuatilia mikono ina namba mbili nilizozibandika juu ya skrini: asilimia ya mikono ninayoingia kwa hiari, na asilimia ninayoingia kwa kupandisha. Siku za ulimpaji zilisoma 48 na 6. Siku za ukichaa zikasoma 41 na 35, na hela ikaondoka kwa kasi zaidi. Zilipotulia kwenye 24 na 19 ndipo nikaanza kuona wiki inafungwa nikiwa juu.

Zile pointi chache zinazobaki kati ya 24 na 19 ni kufuata mtu aliyepandisha, na ndani yake kuna limpu kidogo pia. Sijaifuta yote. Nikiwa na jozi ndogo, tuseme 44, na wawili wameshalimpu mbele yangu, nalimpu nyuma yao. Jozi inapata ya tatu kwenye flopu kama mara 1 kati ya 8 na nusu, kwa hiyo nataka wengi mezani na mizigo mirefu nyuma yao. Wakiwa na dola 2 tu mbele yao, natupa. Mara moja moja nalimpu AA kweli, lakini pale tu kuna kichaa nyuma yangu ambaye nimemwona kwa macho yangu akipandisha karibu kila mkono. Mashindano yenye ante (dau dogo la lazima kabla ya karata) na mizigo mifupi ni dunia nyingine, uzi wake uje siku yake.

Blaindi ndogo ndiyo kiti kinachostahili muda. Pale wote wakitupa, unaongeza senti 5 kugombania poti ambayo tayari ina 15, bei ya tatu kwa moja, na mbele yako kuna mtu mmoja tu. Hata mashine inalimpu hapo. Ila ukilimpu karata dhaifu tu na kupandisha nzuri tu, blaindi kubwa mwenye akili atakusoma ndani ya saa moja, atakupandishia kila ukilimpu. Mimi nachanganya: nalimpu na baadhi ya karata nzuri pia, akinipandishia namrudia. Dhidi ya blaindi kubwa asiyejali chochote sihangaiki, napandisha nzuri na kutupa mbovu.

Tumalizie na ile A5 ya kopa. Kiti cha kwanza, meza tulivu, naipandisha hadi senti 30. Kwenye meza yako ya watu wanne kufuata, naitupa na sijutii. Ungepandisha, mwenye AQ angeweza kukupandishia tena, tuseme hadi senti 90, ukatupa ukiwa umepoteza senti 30. Ulipolimpu ulimwachia yeye aongoze mkono, ukalipa senti 40 zaidi kumfuata huku wewe ndiye wa kusema kwanza, halafu ikatua karata uliyoiomba, ambayo ndiyo hasa aliyokuwa anaiomba yeye. Hiyo A ya flopu isingekuuma kama usingekuwepo.

Weka hapa mikono mingine miwili mitatu tuione, hasa ya blaindi ndogo kama unayo. Huko hata mimi bado napigwa.